Sura ya Saba: Inafanya Kazi Gani?

Tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Tanzania humkumbuka Mwalimu Nyerere na ofisi nyingi hufungwa, Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10, mfumo endeshi ilioutoa Julai 2015. Kesho yake kompyuta za Nyakato, hapa Mwanza, ziliwaka kama kawaida. Hakuna iliyozimika kwa sababu ya tarehe. Kilichokoma hakionekani kwenye kioo: ni yale masasisho ya usalama yaliyokuwa yakija kila mwezi kuziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni huyatumia kuingilia.

Tangu hapo swali limekuwa likirudi kwenye meza za mafundi kuanzia Buzuruga mpaka Igoma: "Fundi, imeniandikia muda wake umekwisha. Niiuze tu?" Jibu linalotolewa upesi huwa moja kati ya mawili. Nunua nyingine, au niachie hapa nikupigie Windows 11 ya kukraki. Yote mawili humwumiza mwenye mashine, na yote mawili hutolewa kabla mtu hajauliza kompyuta hiyo inafanya kazi gani. Katika sura hii nataka tuanzie kwenye kazi, maana humo ndimo yalimo majibu ya mengine yote: mfumo upi uwekwe, kifaa gani kibadilishwe ndani, na mashine ipi kweli imefika mwisho.

Tuzitazame kwanza mashine zenyewe. Nyakato, katika Manispaa ya Ilemela, ni mahali pa viwanda, karakana, maduka ya vipuri na steshenari zilizojipanga kando ya barabara iendayo Musoma. Kompyuta nyingi za huku hazikununuliwa zikiwa kwenye boksi. Ni za mtumba: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Zilitumika miaka mitatu hadi mitano katika ofisi za Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba, zikaondolewa kwa mkupuo kampuni zilipobadilisha vifaa, zikapita Dubai au Kariakoo, kisha zikapakiwa kwenye basi kuja Mwanza. Wapo wanaozidharau kwa sababu ya jina hilo la mtumba. Mimi naziheshimu. Ziliundwa kwa ajili ya mfanyakazi anayebeba mashine kila siku: bawaba imara, kibodi inayobadilishwa, mfuniko wa chini unaofunguka kwa bisibisi, ramu na diski unazoweza kuzichomoa kwa mkono. Laptopu mpya ya bei ya chini, ambayo ramu yake na diski yake ndogo vimechomelewa kwenye mazabodi, haikupi nafasi hiyo hata ikiwa bado inanukia upya.

Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, iliziwekea mashine hizo kizingiti. Inataka ramu ya GB 4, diski ya GB 64, uwashaji salama, na chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0. Hayo mengi yanapatikana. Kinachozikwamisha mashine nyingi ni prosesa. Kwa Intel, Microsoft inakubali kuanzia kizazi cha nane, pamoja na chache mno za kizazi cha saba. Kizazi hakiandikwi waziwazi kwenye stika, kinasomwa kwenye namba. Ukiona i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: cha sita. Ukiona i5-8350U, ni cha nane. Zikiwa tarakimu tano, kama i5-10210U, soma mbili za mwanzo: cha kumi. Kwa majina ya sokoni, kwa kawaida EliteBook 840 G3 na G4 hazivuki, G5 inavuka. ThinkPad T460 na T470 hazivuki, T480 inavuka. Latitude 7480 haivuki, 7490 inavuka. Anayekwenda kununua leo azikariri namba hizi. Muuzaji akikwambia, "Hii ni Core i5, kaka, mashine nzito," mwulize i5 ya kizazi cha ngapi, kisha iwashe usome mwenyewe.

Desemba 2023, kampuni ya utafiti wa soko ya Canalys ilikadiria kwamba kompyuta zipatazo milioni 240 duniani zingeweza kuishia kwenye taka kwa sababu ya mwisho wa Windows 10. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyorekodiwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Kwetu takwimu hizi si habari za mbali. Ofisi ya ng'ambo ikiondoa kompyuta zake za kizazi cha sita na cha saba, sehemu yake itashuka bandarini Dar es Salaam, na sehemu itafika Nyakato ikiuzwa kwa bei ya kuvutia kwa mtu ambaye hajaambiwa chochote kuhusu Oktoba 2025. Ndiyo maana nasema elimu hii ni ya mnunuzi kabla ya kuwa ya fundi.

Je, hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani? Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia ili kuyafungua. Hospitali za Uingereza zilifuta miadi ya wagonjwa. Tundu kililopitia lilikuwa tayari limezibwa na sasisho la Machi mwaka huohuo, miezi miwili kabla. Kompyuta nyingi zilizonaswa zilikuwa na Windows 7, mfumo uliokuwa bado ukihudumiwa wakati ule. Dawa ilikuwepo, wenyewe hawakuiweka.

Jambo hili linatugusa hapa moja kwa moja, kwa sababu huku tumezoea kuzima masasisho. Sababu yake si uzembe. Ni bando. Mtu ananunua GB moja ili atume maombi ya kazi, anawasha mtandao wa simu, na kabla hajafungua ukurasa Windows imekwishainyonya GB yote. Safari ijayo anamwomba fundi azime masasisho kabisa, na fundi anatii. Kwa hiyo kompyuta nyingi za Nyakato ziliacha kupata ulinzi miaka mingi kabla ya Oktoba 2025, na mwenyewe hajui. Ukimhamisha mtu huyu kwenda mfumo mpya bila kuzungumza naye kuhusu bando, umemrudisha palepale. Nitalirudia hili mbele, kwa kuwa naliona kuwa zito kuliko suala la chipu.

Windows ya kukraki inaongeza shimo juu ya shimo. Programu ya kukrakia, kabla haijaanza kazi, kwa kawaida humwomba fundi azime antivairasi. Anazima. Baada ya hapo hakuna anayeweza kuapa ni kitu gani kingine kimeingia pamoja nayo. Katika kompyuta ya steshenari hupita nywila za barua pepe, namba za vitambulisho vya Taifa, vyeti na picha za watu wa mtaa mzima. Kuifungulia mlango mashine ya namna hiyo ni kuwadhulumu wateja ambao hawakuulizwa.

Sasa turudi kwenye kazi, na tukae na steshenari, maana ndiyo ofisi ya umma ya Nyakato hata kama hakuna bendera mlangoni. Kijana aliyemaliza chuo anakuja kujaza maombi katika Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira. Mzazi anakuja na bintiye kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Mwenye duka anataka kusajili jina la biashara BRELA, au kushughulikia jambo lake la TRA. Yote haya hufanyika ndani ya kivinjari. Miaka ishirini iliyopita kila kazi ilikuwa na programu yake iliyofungwa kwenye Windows. Leo serikali yenyewe imeihamishia sehemu kubwa ya kazi hizo kwenye tovuti, na tovuti haijali chini yake kuna mfumo gani, mradi kivinjari ni kipya. Hapo ndipo Windows 7 ilipokufa kweli, si Januari 2020 ilipoachwa na Microsoft. Ilikufa mwanzoni mwa 2023, toleo la 109 la Chrome lilipokuwa la mwisho kuikubali. Tangu hapo mwenye steshenari anaona ukurasa unagoma, kitufe hakibonyezeki, fomu haifunguki, naye analaumu mtandao.

Kwa kazi hiyo, EliteBook ya kizazi cha sita, au hata cha nne, ikiwekewa Linux Mint au Ubuntu na kivinjari cha leo, inafanya kila kitu kinachotakiwa. Mifumo hii ni ya bure kisheria: unaruhusiwa kuipakua, kuinakili na kumpa jirani. Linux ilianza mwaka 1991 kwa kazi ya mwanafunzi wa Ufini, Linus Torvalds. Ubuntu iliasisiwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Linux Mint imejengwa juu ya Ubuntu, na naipendekeza kwa mtu anayetoka Windows kwa sababu kitufe cha menyu kiko kona ileile ya chini, saa iko upande uleule, na mafolda yanafunguka kwa namna ambayo mkono wake tayari unaijua. Kwa mashine yenye ramu ya GB 4, chagua toleo lake jepesi liitwalo Xfce.

Kabla fundi hajafurahi, ageuze shingo aitazame printa.

Printa ndiyo iliyowarudisha wengi kwenye Windows, na mara nyingi walikuwa na haki. Za HP nyingi hukubali Linux bila ugomvi, kwa kuwa HP yenyewe hutoa programu iitwayo HPLIP, ingawa baadhi ya LaserJet ndogo hudai nyongeza ipakuliwe kwanza. Epson za matangi ya wino, kama L3110 na L3150 zilizojaa katika steshenari zetu, zina draiva ya Linux. Lakini Canon LBP2900, ile printa ndogo nyeusi na nyeupe isiyokufa, hutumia lugha yake yenyewe, na kuifanya ielewane na Linux ya leo ni kazi ya kumtoa fundi jasho. Steshenari inayoishi kwa Canon hiyo isihamishwe mashine zote. Iachiwe kompyuta moja yenye Windows kwa ajili ya kuchapa, na zile za wateja kujaza fomu zihamishwe.

Jambo la pili ni nyaraka. LibreOffice hufungua mafaili ya Word, ila wasifu uliopangwa kwa majedwali na mwandiko wa Calibri unaweza kuhama mistari, ukurasa mmoja ukawa mmoja na robo. Mteja ataudhika, na ana haki. Nusu ya tatizo huondoka fundi akihakikisha fonti za Carlito, Caladea na Liberation zimo, kwani zilichorwa ziwe na upana uleule wa Calibri, Cambria na Times New Roman. Nusu nyingine iondolewe kwa kuwazoesha wateja kuleta PDF. Nimeshasikia fundi akimwambia mama mwenye steshenari, "Mama, hii ni sawasawa na Word." Si sawasawa. Mwambie ukweli kabla hujamchukulia hela yake, mwonyeshe faili lake mwenyewe likiwa limefunguka, aamue.

Zipo kazi ambazo Linux haizifai, na nazisema bila kuzungukazunguka. Mchora mabango na kadi za harusi anayeishi ndani ya CorelDRAW na Photoshop abaki Windows. Mhasibu ambaye hesabu zake za kiwanda ziko ndani ya programu ya Windows iliyonunuliwa kwa leseni naye abaki. Mashine zao zikivuka kizingiti, waende Windows 11 halali. Zisipovuka, Microsoft imewapa watu binafsi mwaka mmoja wa masasisho ya ziada, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa kujiandikisha kupitia akaunti ya Microsoft: ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe huko, hulipi kitu, la sivyo ni dola 30. Huo ni muda wa kudunduliza pesa za mashine nyingine. Kuna pia njia ya kuipenyeza Windows 11 kwenye kompyuta isiyoruhusiwa kwa kutumia programu kama Rufus. Inafanya kazi, ila Microsoft imesema wazi kwamba haitoi ahadi ya masasisho kwa mashine hizo, na toleo jipya la kila mwaka huenda likalazimu kuipenyeza tena kwa mkono. Fundi anayemfanyia mteja hivyo amwandikie jambo hilo kwenye risiti.

Mashine za kizamani mno, zile zenye prosesa ya biti 32 na ramu ya GB 1, hazina tena pa kukimbilia. Ubuntu iliacha kutengeneza toleo lake la kawaida la biti 32 mwaka 2017, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, nayo haiziwekei tena kisakinishi. Wacha zipumzike. Toa ramu, chaja na kioo vikasaidie nyingine, na diski ifutwe kikamilifu kabla haijatoka mikononi mwako.

Tuseme sasa kazi imejulikana na Linux imechaguliwa. Fundi asikimbilie flashi ya kusakinishia. Aanze na mafaili.

Mtu akiulizwa, "Una kitu cha muhimu humu?" hujibu, "Hamna, ni picha tu." Ukikubali jibu hilo utajuta. Keti naye. Fungua Desktop, Documents, Downloads na Pictures mkiwa pamoja. Fungua diski D kama ipo. Tafuta mafaili yote yanayoishia na docx, xlsx na pdf, maana watu huhifadhi popote pale programu ilipowapendekezea. Kisha uliza yale ambayo si mafaili: nywila zilizohifadhiwa ndani ya Chrome, kurasa alizoziwekea alama, barua pepe za Outlook zilizokaa ndani ya mashine, leseni ya programu ya hesabu. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wake utafutwe kwenye akaunti ya Microsoft kabla ya kugusa chochote, kwa sababu bila ufunguo huo hakuna fundi Mwanza nzima atakayezirudisha data zake. Nakili vyote kwenye diski ya nje, halafu fungua mafaili kadhaa kutoka kwenye hiyo nakala uone kama yanafunguka. Nakala ambayo haijafunguliwa bado haijathibitishwa kuwa nakala. Kazi hii inaweza kumeza nusu siku, na inastahili kulipiwa peke yake.

Baada ya mafaili, fungua mfuniko. Vumbi la barabara zetu za pembeni hujaa kwenye feni mpaka mashine inawaka moto na kujipunguzia kasi yenyewe. Mwenye mashine anasema imezeeka. Pulizia bloa, ukiwa umeshika feni isizunguke ovyo, na badilisha pesti ya prosesa iliyokauka. Kisha tazama diski. Kama bado ni ile ya sahani inayozunguka, hapo ndipo pesa iwekwe kabla ya kitu kingine chochote. Diski ya SSD ya GB 240 au 256 hugharimu sehemu ndogo ya bei ya laptopu nyingine, na mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka itawaka ndani ya sekunde. Hakuna mfumo endeshi, wa bure au wa kununua, utakaoleta tofauti kama hiyo peke yake. Ramu nayo ipandishwe hadi GB 8, ila angalia aina: EliteBook 840 G1 na G2 hutumia DDR3L, G3 hutumia DDR4, na moja haiingii kwenye tundu la nyingine.

Sasa flashi. Faili la Linux Mint lina karibu GB 3. Kwa bando la kawaida ni pesa, kwa bando la usiku ni nafuu, na kwa mtaa mzima ni nafuu zaidi: fundi mmoja akishalipakua anaweza kuwagawia wenzake wote wa Nyakato bila kuvunja sheria yoyote. Kabla ya kugawa, lihakikiwe. Tovuti ya Mint huweka mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaoitwa SHA256. Piga hesabu hiyo kwa faili lako, ulinganishe. Ikitofautiana hata herufi moja, faili limeharibika njiani au limechezewa. Usiliweke kwa mtu.

Liandike faili kwenye flashi, kisha washa mashine kwa flashi hiyo. Kwenye Dell na Lenovo bonyeza F12, kwenye HP bonyeza F9. Mfumo utafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na hii ndiyo nafasi ya mteja kuujaribu kabla hajaaga Windows. Jaribu sauti, kamera, mwanga wa kioo, printa. Jaribu hasa Wi-Fi. Baadhi ya mashine hizi zina kadi za Broadcom ambazo hazifanyi kazi mpaka draiva ipakuliwe, na draiva haipakuliki bila mtandao. Mafundi wengine hukata tamaa hapo. Chukua simu, ichomeke kwa waya wa USB, washa ugavi wa mtandao kupitia USB, na Linux itauona mara moja. Draiva itaingia, waya utatolewa. Mteja anayetoka Sengerema, hata kama tangu Juni 2025 anapita juu ya daraja la Kigongo hadi Busisi na hasubiri kivuko tena, asipandishwe gari mara ya pili kwa sababu ya jambo ambalo lingeonekana akiwa bado amekaa kwenye benchi la fundi.

Wakati wa kusakinisha, umeme usiaminiwe. Laptopu iwe na betri yenye uhai, kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya kuandika kwenye diski, kazi yote huanza upya, nawe utashukuru kwa ile nusu siku ya nakala.

Kisakinishi kitauliza lugha. Nyuma ya Kiswahili cha kompyuta kuna kazi ya Watanzania. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, iliyotengenezwa kwa msaada wa Sweden. Waliokuwa kwenye mradi huo walikaa wakatafuta maneno kwa ajili ya mamia ya vitu ambavyo mpaka siku hiyo tulikuwa tukivionyesha kwa kidole tu. Microsoft nayo ilileta kiolesura cha Kiswahili kwa Windows miaka hiyohiyo. Tofauti ni kwamba katika programu huria tafsiri haina mwenyewe mmoja: mwalimu wa Kiswahili aliyeko Nyakato anaweza leo kujisajili, akasahihisha neno lililokaa vibaya, na likatokea kwenye kompyuta za Mombasa na Bukavu. Bado ziko sehemu nyingi ambazo hazijatafsiriwa, menyu moja ikiwa Kiswahili na inayofuata Kiingereza. Naumia kila ninapoliona hilo, kwa kuwa lugha tunayo, wataalamu tunao, na mlango uko wazi zaidi ya miaka ishirini sasa.

Shule ndizo zingefaidika mapema kuliko wote. Shirika la Camara Education, lililoanzishwa Ireland mwaka 2005, limekuwa likikarabati kompyuta zilizotumika na kuzipeleka katika shule za Afrika, Tanzania ikiwemo, na kwa muda mrefu ziliwekewa Ubuntu. Maabara ya kompyuta kumi za kizazi cha tatu au cha nne haihitaji hata mtandao: programu ya Kiwix hubeba Wikipedia nzima kwenye diski, ya Kiswahili na ya Kiingereza, na mwanafunzi huisoma bila bando. Mkuu wa shule anayeambiwa kwamba kompyuta za msaada zimepitwa na wakati aulize kwanza zimepitwa kwa kazi ipi.

Mashine ikishakuwa tayari, usimkabidhi mteja mlangoni. Akae mbele yake, afungue barua yake ya zamani, aichape, aingie Ajira Portal au tovuti yoyote anayoishi kwayo, ahifadhi kitu kwenye flashi, azime, awashe. Halafu mzungumze bando. Katika Mint masasisho hayajipakui yenyewe bila ruhusa yako. Yanakuonyesha orodha, kila moja na uzito wake, nawe unachagua wakati. Mpangieni siku, kwa mfano usiku wa Jumamosi kwa bando la usiku, na aiandike kwenye kalenda ya ukutani pamoja na siku za kununua wino na karatasi. Mwisho chukua stika, uibandike chini ya mashine: jina la mfumo, tarehe ulipowekwa, namba ya simu ya fundi, na mwaka 2029, ambao ndio mwisho wa huduma ya Linux Mint 22. Mwonyeshe pale kwenye mwaka. Mweleze kuwa ukifika atapanda toleo jingine bila kulipia leseni, kwa zana inayotolewa na Mint yenyewe, akiwa ameanza na nakala ya mafaili yake.